Mionzi na Choo cha Shilingi Kumi

Mgonjwa wa saratani anayeanza tiba ya mionzi hupewa mawaidha, mara nyingi kwa mdomo, na akibahatika kwa karatasi. Aoge kwa maji ya uvuguvugu, asitumie sabuni kali. Anywe maji mengi. Ale kidogo kidogo lakini mara nyingi, vyakula laini. Akichoka apumzike. Akiharisha asikae mbali na choo. Ni mawaidha mazuri, na anayeyatoa hana kosa. Ila aliyeyatunga alikuwa akimfikiria mtu mwenye bafu, friji, kitanda chake peke yake na mlango unaoweza kufungwa watoto wakabaki upande wa pili. Shuka nayo Gatwekera au Silanga kule Kibera, Nairobi, au ingia nayo kwenye ploti ya vyumba vya kupanga pale Kawangware Congo, na kila sentensi itakuwa na bei yake.

Vitabu vya tiba huorodhesha madhara ya mionzi kana kwamba yote yanatoka kwenye mashine. Naona nusu yake hutoka kwenye anwani ya mgonjwa. Wanawake wawili wenye saratani ileile, waliopewa dozi ileile na mashine ileile, mmoja anakaa Kilimani na mwingine Laini Saba kule Kibera, wataharisha sawasawa. Hawataugua sawasawa.

Mashine yenyewe kwanza, maana mengi husemwa juu yake mitaani na machache yana ukweli. Mionzi hukatakata chembe za urithi zilizo ndani ya seli. Seli ya saratani, ambayo huzaana ovyo na haijui kujikarabati vizuri, hufa inapojaribu kugawanyika. Lakini mwili una seli nyingine zinazozaana haraka bila ubaya wowote: za ngozi, za utando wa mdomo na wa utumbo, za uboho unaotengeneza damu. Hizo nazo huumia. Kinachoziokoa ni muda; zikipewa saa kadhaa kabla ya pigo jingine hujirekebisha vizuri kuliko zile za saratani.

Kwamba mionzi huunguza lilijulikana mapema. Mwaka 1901 mwanafizikia Mfaransa Henri Becquerel alitembea na kichupa cha radiamu katika mfuko wa kizibao chake, na baada ya siku kadhaa ngozi iliyokuwa chini ya mfuko ikafanya kidonda. Miaka miwili baadaye alipewa Tuzo ya Nobel. Wengi walioungua baada yake wamepewa tarehe ya kurudi kliniki. Ilichukua muda zaidi kujua namna ya kuunguza kwa adabu. Ni mjini Paris, katika miaka ya 1920, ambako Claudius Regaud alifanya majaribio juu ya makende ya kondoo dume. Dozi moja kubwa haikuweza kumfanya mnyama tasa bila kuharibu vibaya ngozi. Dozi ileile ikigawanywa kwa siku kadhaa, kondoo alikuwa tasa na ngozi yake ikapona. Mama anayepanda matatu Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano kwenda kulala chini ya mashine kwa dakika chache anafuata, bila kujua, ratiba ya kondoo huyo.

Ratiba hiyo haina huruma. Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuua wanawake nchini Kenya pamoja na ile ya matiti. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 5,200 na vifo zaidi ya 3,200. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umepita hatua ya kupasuliwa, kwa hiyo mionzi ndiyo tegemeo. Utaratibu wa kawaida ni vikao 25 hivi vya mionzi ya nje, dawa ya kemo iitwayo cisplatin mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa karibu kabisa na uvimbe kwa dakika kadhaa na kutolewa. Yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane, yaani siku 56. Tafiti za tangu miaka ya 1990 zimeonyesha kwamba kila siku inayopita hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa karibu asilimia moja. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 ulidumu siku 56. Sidhani kama kuna aliyekusudia.

Kuna ratiba nyingine pia mtaani. Maandamano ya upinzani yaliyoanza Machi 20, 2023 yalitangazwa kuwa ya kila Jumatatu na Alhamisi, na Kibera, kama kawaida yake, ilipata sehemu yake ya gesi ya kutoa machozi kabla ya wengine. Mashine hufanya kazi siku tano za wiki. Ondoa mbili. Mwenye gari hupita njia nyingine. Anayetegemea miguu na matatu hukaa nyumbani, na seli za saratani hupata likizo ambayo daktari hakuipanga.

Sasa tumbo. Wiki ya kwanza hakuna kinachoonekana, na jirani huuliza kama hiyo kitu inafanya kazi kweli. Anayechomwa kiunoni, kwa mlango wa kizazi, tezi dume au utumbo wa chini, huanza kuliona jambo wiki ya pili au ya tatu. Utando wa utumbo umechubuka. Chakula kinapita bila kusagwa vizuri. Kibofu kinawasha, mkojo unakuja kidogo kidogo na unauma. Mtu anaweza kwenda chooni mara nane kwa siku, na hali huendelea hadi wiki mbili hivi baada ya kikao cha mwisho kabla haijaanza kutulia.

Mara nane kwenda wapi? Sehemu nyingi za Kibera choo ni cha kulipia, shilingi tano au kumi kila unapoingia. Vingine ni vizuri kweli. Shirika la Umande Trust limejenga vyoo ambavyo kinyesi chake hukusanywa na kugeuzwa gesi ya kupikia, na mgonjwa wa mionzi ya kiuno pengine ndiye mteja wao bora wa mwezi. Kwa shilingi kumi, mara nane kwa siku ni shilingi 80. Kwa wiki tano za kuharisha ni 2,800. Kwa anayefua nguo za watu huko Lavington kwa malipo ya siku, hiyo ni nguvu ya siku kadhaa imeingia shimoni. Wa Kawangware huenda halipi kila aendapo, kwa sababu choo kimo ndani ya ploti na kimehesabiwa katika kodi. Lakini ni kimoja au viwili kwa vyumba vyote, na asubuhi kuanzia saa kumi na moja kuna foleni ya watu wanaowahi kazini. Mtu anayeharisha kwa mionzi hana dakika tano za foleni. Ana sekunde. Ataomba apishwe mara ya kwanza, atapishwa. Mara ya pili atapishwa na kutazamwa. Mara ya tatu ataacha kuomba.

Usiku ni habari nyingine. Vyoo vingi vya kulipia hufungwa, na vilivyo wazi viko mwisho wa kichochoro ambacho mwanamke mzima hapiti peke yake saa nane za usiku, seuze mgonjwa. Kwa hiyo ni ndoo, au mkebe wa mafuta ya Kasuku, nyuma ya pazia, katika chumba kimoja ambamo wengine wamelala au wanajifanya wamelala. Watu huzungumzia maumivu ya saratani kwa uhuru wa ajabu. Kuhusu ndoo hawasemi, wala daktari hawamwambii. Akiulizwa «tumbo linaendeleaje?» mgonjwa hujibu «tunamshukuru Mungu», na daktari huandika kwamba hakuna tatizo. Wengine hutatua shida kwa njia waliyoibuni wenyewe: wanaacha kula, wanaacha kunywa, ili kisiwepo cha kutoka. Wiki ya nne wanapelekwa hospitali wameishiwa maji mwilini, figo zinalalamika (cisplatin nayo haizipendi figo), kemo inaahirishwa, na faili linaandikwa kwamba mgonjwa hakuvumilia matibabu. Alichoshindwa kuvumilia ni kichochoro.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya hali hii ina dawa rahisi. Vidonge vya kufunga tumbo vya loperamide vipo, vya bei nafuu, ila viandikwe na anayemtibu maana kuharisha kwingine ni kwa maambukizi. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti yapo pia. Kinachohitajika ni mtu kusema idadi: mara nane, mara kumi, na usiku mara tatu. Daktari hufanya kazi na idadi.

Chakula nacho kinapinda. Mwenye tumbo la mionzi huambiwa apunguze maharagwe, mahindi yenye maganda na mboga za majani kwa wiki hizo, ale wali mweupe, mkate mweupe, ndizi, mayai, kuku. Yaani aache githeri, aache madondo, aache sukuma wiki, ambavyo ndivyo vyakula vya bei ya chini kwa mama mboga, na ahamie kwenye vyakula vya sherehe. Siku nyingine zote wataalamu wa lishe huwasifu maskini kwa mlo wao wenye nyuzinyuzi nyingi.

Na kuna kibofu. Vituo vingine humtaka anayechomwa kiunoni anywe maji kiasi fulani na kukaa bila kukojoa, kwa sababu kibofu kilichojaa huyasukuma matumbo juu, mbali na mionzi. Ni hekima ya kweli, inapunguza hayohayo tuliyokuwa tukiyasema. Inadhani tu kwamba mashine itakuwa tayari kwa saa iliyosemwa, na kwamba kibofu chenyewe kiko tayari kutii.

Kibera ina bahati moja ambayo mitaa mingi ya Nairobi haina: Hospitali Kuu ya Kenyatta iko karibu. Kutoka Laini Saba mwenye afya hufika kwa miguu kupitia Mbagathi. Kawangware iko mbali kidogo, lakini kuna matatu za 46. Kwa kuwa kwa miaka mingi Kenyatta ilikuwa hospitali ya pekee ya umma nchini yenye mionzi, ukaribu huo umeipa mitaa hii kazi ambayo haikuandikwa popote: ni hosteli ya wagonjwa. Mama anatoka Vihiga, Siaya au Makueni na barua ya rufaa, anaambiwa tiba ni ya wiki sita na halazwi, aje kila siku kisha aende. Aende wapi? Kwa mtoto wake. Mtoto anakaa chumba cha futi kumi kwa kumi, na mkewe, na watoto wawili.

Mgeni wa hospitali hupewa kitanda. Wenyeji wanahamia sakafuni. Kama mwenyeji ni mwana wa kiume, walau mila ina njia ya kupita. Kama ni binti aliyeolewa, kwa Waluhya na Wajaluo pana mwiko: mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe, na hapa nyumba nzima ni chumba. Mkwe hukusanya blanketi akaomba hifadhi kwa rafiki kwa wiki sita. Heshima imelindwa. Kilichobaki ni binti peke yake na mama, ndoo, watoto wa shule na kibarua chake mwenyewe ambacho mwajiri alimpa ruhusa ya siku mbili. Ninapoulizwa nani huumia zaidi kwa tiba ya mionzi katika mitaa hii, jibu langu ni huyo binti. Mionzi haikumgusa hata kidogo.

Anapaswa pia kuuelewa uchovu, na uchovu huu ni mgumu kueleweka. Ndio unaowapata wengi kuliko dalili nyingine yoyote. Hauishi kwa kulala. Hujikusanya wiki hadi wiki, na unaweza kudumu miezi kadhaa baada ya tiba, hasa kama damu imepungua. Uboho ulio kwenye mifupa ya nyonga hupigwa mionzi pamoja na uvimbe, mgonjwa amekuwa akivuja damu tangu kabla ya kugunduliwa, na kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao uwezekano wao wa kupata saratani ya mlango wa kizazi ni mara sita ya wengine, damu mara nyingi ilikuwa haba tangu mwanzo. Mgeni aliyekuja wa miguu yake, akasaidia kuosha vyombo wiki ya kwanza, wiki ya tano hawezi kuinua kikombe. Mtaani, mtu asiyefanya kazi na hana jeraha la kuonekana huwa na jina, na si zuri.

Ngozi nayo ina hadithi yake. Vijitabu vilivyotungwa Ulaya husema itakuwa nyekundu. Familia inaikagua kila jioni kwa mwanga wa simu, haioni wekundu, inafurahi. Ngozi nyeusi haiwi nyekundu. Huzidi kuwa nyeusi, hung'aa, hukauka na kuwasha, kisha kwenye mikunjo, chini ya titi, kwapani au kinenani, inachubuka na kutoa majimaji. Ukisubiri rangi ya kitabuni utakuwa umechelewa wiki mbili. Katika nyumba ya mabati saa saba mchana, jiko la makaa likiwaka mlangoni, mikunjo hiyo haipati nafasi ya kukauka. Kila jirani ana dawa. Mshubiri, ambao ndio hutajwa zaidi, umejaribiwa katika tafiti kadhaa na haujaonyesha faida ya maana. Asali na majani yaliyopondwa juu ya ngozi iliyochubuka ni mwaliko kwa vijidudu. Vinavyosaidia ni vya kawaida: maji yasiyo moto, taulo ya kubonyezwa si ya kusugua, blauzi kubwa ya pamba kutoka soko la Toi, au leso tupu. Alama za wino alizochorwa hospitali zisifutwe, maana ndizo mashine huelekezwa nazo. Kuoga kwa beseni nyuma ya pazia na kukwepa alama tatu za wino ni ufundi unaostahili cheti.

Kuhusu hofu nitasema kwa ufupi, kwa sababu jibu ni fupi. Anayechomwa kwa mashine ya nje hatoki na mionzi mwilini. Mashine ikizimwa imekwisha, kama taa. Anaweza kumbeba mjukuu, kulala naye, kula sahani moja na wenzake. Hata ile ya ndani inayotumika sana siku hizi, chanzo kikishatolewa hakuna kinachobaki. Wanaotakiwa kukaa mbali na watoto kwa siku kadhaa ni wachache, kwa mfano waliokunywa iodini ya mionzi kwa saratani ya tezi la shingo, na hao huambiwa wazi. Pamoja na hayo, bado vikombe hutengwa. Mtu amekwisha kutengwa na saratani, sasa anatengwa na dawa yake.

Wa mdomo na koo hupata taabu ya aina nyingine: vidonda, mate yanayokauka na kugeuka ute mzito, chakula chenye ladha ya chuma. Kwao ndoo haitishi, kinachotisha ni ugali. Meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi, si baada, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauponi vizuri na unaweza kuoza miaka mingi baadaye jino likitolewa ovyo. Anayemng'oa mtu jino kwa bei poa mtaani hana desturi ya kuuliza kama taya limewahi kuchomwa.

Halafu kuna jambo ambalo foleni ya kliniki hairuhusu kuulizwa, na daktari mara nyingi ni kijana wa umri wa mwanawe mgonjwa. Mionzi ya kiuno humaliza hedhi ya mwanamke aliyekuwa bado anaipata, hata akiwa na miaka 35, na kumletea joto la ghafla usiku na ukavu. Uke hupata makovu, hupungua urefu na kubana. Inazuilika kwa kiasi: baada ya majeraha kupona, wiki chache tu, wenzi wanaruhusiwa kurudiana taratibu, na asiye na mwenzi au asiyetaka hupewa kifaa laini cha kutanua, atumie mara kadhaa kwa wiki kwa muda mrefu. Ni cha lazima pia kwa sababu daktari anatakiwa kuweza kumpima miaka ijayo. Lakini kifaa hicho kinahitaji dakika kumi za faragha, na faragha ndiyo bidhaa adimu kuliko zote Kibera, adimu kuliko maji. Mume naye, bila aliyemweleza, ana mawili: ama anaogopa kuambukizwa mionzi, ama anaona amenyimwa haki. Ndoa zinazovunjika hapa huhesabiwa kwenye ustawi wa jamii, hazihesabiwi kwenye saratani. Kwa mwanamume wa tezi dume nguvu hupungua polepole, kwa miaka, na huwa rahisi zaidi kumlaumu mke.

Julai 2019 Kenya ilizungumza juu ya saratani kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore wa Safaricom. Tarehe 26 alifariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra, mzaliwa wa Kibera, umri wa miaka 41, aliyekuwa ametangaza hadharani kwamba ana saratani ya utumbo mpana na akatibiwa Ufaransa. Siku tatu baadaye, Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Wakenya wakataka ugonjwa utangazwe janga la kitaifa, na hoja ikawa mashine: ziko ngapi, wapi, za nani. Lilikuwa swali halali. Uganda ilikuwa imeonyesha miaka mitatu kabla jinsi nchi inavyobaki na mashine moja: ile ya Mulago, ya tangu 1995, iliharibika mwaka 2016 na wagonjwa wa nchi nzima wakakosa pa kwenda, hadi Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu 400. Tangu hapo Kenya imeongeza. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na barabara ya Thika, ina mashine za kisasa, na mionzi imefika Mombasa, Nakuru na Garissa. Anayetoka Kawangware kwenda barabara ya Thika huvuka jiji zima kwa matatu mbili na tumbo lile tulilolieleza.

Baada ya mashine, bima. NHIF, bima ya umma ya zamani, ililipa shilingi 3,600 kwa kikao, hadi vikao 20 kwa mwaka. Vikao vya mlango wa kizazi, tumesema, ni 25 hivi. Seli za saratani hazikuwa zimesoma mkataba. SHA ilipoirithi Oktoba 2024 ilianza na shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka na nyongeza ya 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, bei ya kikao kimoja cha zamani. Ni nafuu kubwa, sitaki kuibeza. Hata hivyo hakuna mfuko unaojua kwamba kuna kiti cha matatu, mtungi wa maji, choo cha shilingi kumi na kibarua cha binti. Gharama hizo hulipwa na chama, na kundi la WhatsApp la ukoo, na michango ambayo wiki ya kwanza huja kwa maelfu na wiki ya tano kwa mamia. Kama ningepewa shilingi laki moja za kuboresha matokeo ya mionzi ya mtu wa Silanga, nisingezigusa mashine. Ningemkodishia chumba chenye choo ndani, karibu na hospitali, kwa miezi miwili. Kuna wanaofanya kazi ya namna hii. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka 1990 ndani ya eneo la Kenyatta, hushughulikia maumivu na mambo ya nyumbani ambayo kliniki haina muda nayo, wala si kweli kwamba ni ya wanaokufa tu. Mtu anaweza kwenda huko akiwa bado katikati ya vikao vyake.

Familia nyingi hudhani madhara huisha siku ya kikao cha mwisho. Keki hukatwa, mama hurudi nyumbani. Yale ya mapema kweli hutulia ndani ya wiki au miezi. Ya baadaye huja yenyewe, baada ya miezi sita, miaka miwili, miaka kumi: damu kwenye choo kikubwa au mkojo kutokana na mishipa dhaifu ya utumbo na kibofu, mguu unaovimba, utumbo uliobana, mara chache tundu kati ya kibofu na uke. Mengi yana matibabu yakitambuliwa. Kwenye zahanati ya Vihiga au duka la dawa pale Kawangware, damu kwenye choo ni amiba, na atapewa dawa ya amiba, kisha ya bawasiri, kisha ya amiba tena. Au familia itaamua saratani imerudi na itaacha kutafuta. Wapo pia wanaochokozwa: sehemu iliyopigwa mionzi ikikatwa kipande cha kupimwa bila sababu nzuri inaweza isipone.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha mwisho mgonjwa aombe karatasi. Iandikwe sehemu iliyochomwa, jumla ya dozi, idadi ya vikao, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kama alipewa mionzi ya ndani na kemo. Si upendeleo, ni rekodi yake, na anayemtibu miaka minane baadaye hawezi kuikisia. Isiwekwe chini ya godoro. Nyumba za mabati huungua na mvua ya Aprili huingia. Ipigwe picha, na picha itumwe kwa ndugu wawili, ikiwezekana wale ambao hawabadilishi namba ya simu kila wakidaiwa.